Mgeni Rasmi wa Kivuko

Ngano, ngano!
— Ivuke ije!
Ikizama?
— Tutaishika mkono!

Palikuwa na mji mkubwa wa wanyama, umekatwa katikati na mto. Malisho mazuri yalikuwa ng'ambo, na mganga pia. Mvushaji alikuwa mmoja tu, Kiboko. Alivusha watu mgongoni, na nauli yake ilikuwa mzigo wa majani mabichi. Akiwashwa katikati ya mto, hujipindua ajikune. Chubwi! Wadogo wanazama.

Ndivyo Digidigi alivyompoteza mtoto wake wa kwanza. Sasa wa pili alikuwa anaungua homa, na nyumbani hamkubaki hata unyasi.

"Baba Kiboko, nivushe kwa mganga. Nitalipa kesho."

"Kesho utavuka peke yako, mama. Nauli itakuwa nafuu."

Digidigi hakulia. Alikwenda kwa wazee wa mji.

"Tujengeni daraja."

"Kwa kipi, mwanetu? Ghalani kuna kikapu kimoja cha mtama. Hakitoshi daraja."

"Kinatosha zawadi," akasema Digidigi.

Akarudi mtoni, akapiga goti. "Mheshimiwa, mji unazindua kivuko kipya. Mgeni rasmi ni wewe. Risala ikiisha, unakabidhiwa mtama wote wa ghala."

Kiboko akavimba shingo. "Wote? Nikae wapi?"

"Pale, Mheshimiwa."

Kiangazi kilikuwa kimeukausha mto, ukabaki mkondo mmoja wenye mamba, kati ya miamba miwili. Kiboko akajilaza: kichwa mwamba huu, matako mwamba ule, tumbo likining'inia juu ya maji. Na desturi ya mji ule kila mtu aliijua: mgeni rasmi akiinuka kabla ya risala kwisha, zawadi imempita.

Kasuku, msoma risala wa mji, akakohoa, akaanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi..."

Digidigi akampakata mwanawe, akapanda mgongoni kwa Kiboko, akavuka. Nyuma yake wakafuata wengine. Tapu, tapu, tapu.

"Mbona wananikanyaga?"

"Ni gwaride, Mheshimiwa," akajibu Kasuku.

Jua likapanda. Ngozi ikaanza kupasuka. Pa!

"Risala imekwisha?"

"Bado mafanikio, Mheshimiwa."

Jua likawaka. Pa! Pa!

"Imekwisha?"

"Bado changamoto, Mheshimiwa."

Tapu, tapu, tapu.

"Maji... Imekwisha?"

"Bado maombi, Mheshimiwa."

Hakuuliza tena.

Jua lilipoinama, Digidigi alirudi kutoka kwa mganga. Homa ilikuwa imeshuka, na mtoto alitembea mwenyewe. Walipofika katikati ya mkondo, mtoto akasimama.

"Mama, daraja linapumua."

"Litaacha, mwanangu. Pita taratibu."

Kasuku alikuwa bado anasoma.

Ngano yangu inaishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niitafune mwenyewe.

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukialikwa kuwa mgeni rasmi, kaa usikilize risala hadi mwisho. Adabu haijawahi kumuua mtu.