Hakimu Amefeli

Mama mmoja alikuwa anachagua mchele, ungo mapajani, ujumbe ukaingia kwenye simu. Unatoka Hispania. Binti yake alikuwa kule akimtunza bibi kizee. Pete ya bibi ikapotea, binti akashtakiwa kwa wizi. Akishindwa, ni jela. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya hukumu.

Binti aliutuma ujumbe wa wakili wake kama ulivyo, kisha simu yake ikazima. "El juez falló a su favor." Mama akasoma, akarudia, hakuambulia kitu. Akamwita jirani, aliyewahi kupika kwenye hoteli ya Wahispania.

"Juez ni hakimu," jirani akasema. "Na hili falló nalijua. Jenereta ikizimika, bosi alikuwa akipiga kelele neno hilohilo. Ni kufeli."

"Hakimu amefeli? Hakimu anafelije?"

"Dada, mimi nilikuwa jikoni, sikuwa darasani."

Wifi yake mama, aliyeketi kando, hakungoja. "Kufeli ni kufeli. Si nilisema? Yule tangu mdogo anadokoa sukari. Mkono mrefu haufupiki kwa kupanda ndege!"

Mama aliendelea kuchagua, ila sasa alikuwa anatupa mchele na kubakiza chuya.

Ndugu zangu, mngeamini nini ninyi? Binti, au sukari?

Wali ukiwa jikoni, binti akapiga, simu ikawekwa spika. "Mama, nimeshinda! Pete imeonekana ndani ya glovu ya bibi mwenyewe."

"Si umetuma kwamba hakimu amefeli?"

"Mama! Huku neno ni hilohilo. Mashine ikiharibika, falló. Hakimu akitoa hukumu, falló. Na a su favor ni kwamba hukumu imenipa haki mimi."

Kwa nini Wahispania wakayaweka mambo hayo mawili katika neno moja? Sijui, na linanichanganya mpaka leo. Lakini nawauliza: siku ile nani alifeli? Hakimu alihukumu baada ya kusikiliza. Wifi alihukumu bila shahidi hata mmoja. Na sisi je? Mtu hajamaliza kujieleza, tumeshamfunga. Tunadhani tumetoa hukumu, kumbe tumefeli.

Mama yule hakutoa hotuba. Alipakua, akatazama nani yupo. Jirani yupo, watoto wapo, sahani ya wifi haina mtu. Wifi alikuwa nje, anajifanya anatafuta ndala.

"Wifi, ingia. Wali wa leo una chuya, lakini njoo tule."

Akaingia. Sasa wote walikuwepo.