Mke Aliyesimama Nyuma ya Trekta

Mahubiri niliyoandaa kwa ajili ya leo nimeyaacha mezani nyumbani. Wiki hii mmenichosha, wapendwa. Nasema hapa hapa mbele ya madhabahu: mmenichosha. Kwa hiyo fungeni Biblia zenu kidogo, na ninyi wa kwaya acheni kunong'ona huko, mnisikilize habari za mkulima mmoja wa viazi.

Shamba la mkulima huyu lilikuwa mlimani, kama mashamba yenu, na barabara ya malori ilipita chini bondeni. Akahangaika mpaka akanunua trekta dogo, lile lenye ndoo kubwa ya chuma mbele ya kubebea mizigo. Siku ya kulichukua, aliyemuuzia akamwambia:

"Mzee, hili ni jepesi nyuma. Ukipakia viazi mbele halafu ukateremka, nyuma kutanyanyuka. Tia maji matairi ya nyuma. Zungusha gurudumu mpaka valvu ikae juu, jaza maji mpaka yafike usawa wake, hapo juu pabaki upepo. Litatulia lenyewe."

Mkulima akacheka. "Maji kwenye tairi? Ndugu yangu, nimenunua trekta, sikununua tangi."

Mnacheka na ninyi. Haya, chekeni, tutafika.

Akaenda nalo nyumbani, akapakia magunia ya lumbesa, yale ya kujaza kupita mdomo, mbele, akaanza kuteremka. Kweli bwana, nyuma kukanyanyuka! Na trekta lile breki zake ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Gurudumu likiwa hewani, hata ukanyage breki kwa miguu yote miwili unakanyaga bure. Aliponea kwenye kichaka cha miti kilicholizuia trekta.

Sasa niambieni, mtu mwenye akili zake hapo angefanya nini? Angetia maji, si ndiyo? Mfereji ulipita nyuma ya jiko lake! Maji ya bure, mchana na usiku yanapita tu. Lakini yeye akasema tairi ni la upepo tangu enzi za baba yake, na majirani wakimwona analitia maji watadhani ameuziwa bovu. Sikio la kufa, ndugu zangu, halisikii dawa.

Akasimama uani akaita, "Mama watoto! Njoo upande huku nyuma."

Mkewe akatoka jikoni anafuta mikono. "Nipande wapi?"

"Hapo kwenye vyuma vya kufungia jembe. Simama, shika kiti changu. Uzito wako unatosha kabisa."

"Baba watoto, si yule mtu alisema tutie maji?"

"Maji ya nini na wewe upo?"

Basi yule mama akapanda. Na kweli trekta likatulia, viazi vikafika barabarani. Kuanzia siku ile ikawa ndiyo kazi yake. Ameweka maharage jikoni, anaitwa. Ananyonyesha, anaitwa. Anaanika nguo, "Mama watoto, lori limefika!" Anaacha nguo, anapanda, anashika kiti, wanateremka. Chini wanashusha, anapanda mlima kwa miguu kwenda kungoja mzigo mwingine. Majirani wakimwona wanasema, jamani, yule mwanamke ana upendo na mumewe! Hata kanisani alisifiwa. Hakuna aliyemuuliza mume kwa nini mkewe amekuwa kipande cha trekta.

Msimu mmoja yule mama akaamka na homa. Anatetemeka, macho mekundu. Lori bondeni linapiga honi.

"Baba watoto, leo mwili hauna nguvu kabisa."

Mume akamtazama, akashangaa kwa dhati. "Kwani unabeba nini? Si kusimama tu?"

Kusimama tu! Mmesikia maneno hayo? Mimi nikiyafikiria nasikia joto kichwani.

Akapanda, kwa kuwa alizoea kupanda. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele likaparamia jiwe. Kizunguzungu kikamchukua yule mama, mikono ikaachia kiti, akaanguka kando ya gurudumu la nyuma. Uzito ulipotoka, nyuma kukanyanyuka juu, ndoo ikachimba udongo, na trekta liliporudi chini, gurudumu hilo lilitua juu ya mguu wake. Mume hakuchubuka hata kidole.

Wakamkimbiza hospitali. Mguu ukaokolewa kwa shida, lakini daktari akasema mama huyu hatatembea vizuri tena maisha yake yote. Kesho yake mume akaja na uji kwenye chupa. Akavuta kiti karibu na kitanda, akainama. Yule mama akageuza uso, akitegemea kusikia neno moja tu. Pole. Au nisamehe.

"Mama watoto."

"Abee."

"Yale magunia yaliyobaki, sasa nani atanisimamia nyuma?"

Naona mnaguna. Akina mama mnatikisa vichwa, akina baba mnaangalia viatu. Wengine tayari mnamtafuta kwa macho, mnataka kujua ni nani. Msimtafute. Nimemtunga mimi jana jioni, kwa hasira, na nitawaambia kilichonipa hasira.

Mama Tusekile mnamfahamu. Ndiye anayeongoza akina mama wa maombi kila Alhamisi. Nani hapa hajawahi kumwambia mama yule "niombee"? Mtoto ana mtihani, Mama Tusekile niombee. Ndoa inayumba, Mama Tusekile funga kwa ajili yangu. Kiwanja kina kesi, mama yetu usitusahau. Naye anafunga, anakesha, anapiga magoti kwenye sakafu hii ya saruji kwa milima ambayo si yake. Wiki iliyopita aliishiwa nguvu hapo hapo kwenye ngazi, akabebwa. Yuko hospitali mpaka sasa hivi ninavyozungumza.

Basi watu wakaanza kuja nyumbani kwangu. Nikasema moyoni, asante Bwana, washirika wana upendo, wamekuja kuulizia mgonjwa. Mmoja baada ya mwingine, wakikaa tu, swali ni lile lile: "Mchungaji, Alhamisi nani atatuombea?"

Jamani! Hamkuuliza anakula nini. Hamkuuliza nani analala naye kule wodini. Mliuliza nani atasimama nyuma!

Nikamuuliza mmoja wenu, simtaji, "Jambo lako hilo, wewe mwenyewe umeshaliombea?" Akacheka kwa aibu. "Mimi tena, Mchungaji? Mimi sijui kuomba." Miaka yote hii kanisani! Mfereji unapita nyuma ya jiko lake!

Sisi ni watu wa namna gani? Matairi yetu yamejaa upepo, tunang'aa, tumepaka rangi, tunaimba vizuri, na kila mteremko ukifika tunaita mtu wa kupanda nyuma. Tena tunamsifu, tunamwita mwenye upendo, ili asishuke. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na imani ya kuazima je? Itakushika siku breki ziko hewani?

Simaanishi tusiombeane. Tuombeane, ndiyo, na wagonjwa tuwabebe. Nasema habari ya mtu mzima mwenye magoti mawili mazima anayemtuma mwenzake akapige magoti badala yake. Mungu hakatazi mtu kusema naye. Hakuna ada, hakuna foleni, hakuna lugha maalumu. Mwambie tu, Baba, mteremko huu unanitisha. Hayo ni maji tayari. Kesho ongeza kidogo.

Alhamisi hii akina mama wa maombi watapumzika, nimewaagiza mimi, na asiwapigie simu mtu yeyote. Kanisa litakuwa wazi tangu asubuhi. Mwenye mlima wake aje nao mwenyewe. Na kabla hajaja, apitie hospitali na chupa ya uji, amwambie yule mama pole, asimwambie kingine chochote.

Sasa simameni tuombe. Mnanitazama mimi? Leo mimi nanyamaza.