Mama Aliyeiacha Treni Ipite

Wapendwa, leo nataka tupande treni wote. Msiwe na wasiwasi, sitawachelewesha chakula cha mchana.

Palikuwa na mama mmoja, mkulima wa viazi kule nyanda za juu, upande wa Makambako. Mdogo wake wa kike aliolewa mbali, mbali kweli, katika mji wa Bulawayo, nchi ya Zimbabwe. Mume wa huyo mdogo mtu akatangulia kufa. Baada ya muda mdogo mtu naye akaugua, akafa. Akaacha mtoto wa kike wa miaka kama mitano, na rafiki waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, Mtanzania mwenzake kutoka Mbozi.

Yule rafiki akapiga simu Makambako. Akasema, "Dada, mimi ninahama. Kazi inanipeleka Afrika Kusini, na huko sitaruhusiwa kuingia na mtoto asiye wangu. Asipotokea ndugu wa damu kabla ya mwisho wa mwezi, mtoto atapelekwa kituo cha yatima."

Mama akajibu, "Usimpeleke popote. Ninakuja."

Mumewe alikuwa amekaa hapo hapo akisikia. Akamuuliza, "Utakwenda na nini?"

"Treni."

"Treni inafika huko?"

"Ikiishia njiani nitapanda nyingine."

Huyo ndiye mama ninayewasimulia. Akishasema neno, limekwisha. Akafunga blanketi, nguo za kubadilisha na chupa ya chai, akaenda stesheni. Na muelewe, huo ulikuwa msimu wa kupanda. Mbegu za viazi zilikuwa zimeshachipua ghalani na mvua zilikuwa zimeshaanza. Aliliacha shamba likimwita.

Behewa la kulala, mliowahi kulipanda mnalijua. Chumba kidogo, vitanda vimepangwa huku na huku kama rafu za duka, wanawake kwao, wanaume kwao. Mama akapata kitanda cha juu. Chini yake alilala mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa anakwenda Lusaka, mwanamke mchangamfu, mwenye kugawa karanga na ushauri bila kuombwa. Wakavuka mpaka wa Tunduma wakipiga soga, wakalala, treni ikawabembeleza.

Asubuhi wakaamka, treni imesimama porini. Mvua ya kaskazini mwa Zambia ilikuwa imesomba tuta la reli mbele yao. Udongo wote umekwenda na maji, reli zimebaki zinaning'inia hewani. Mhudumu wa behewa akapita akigonga kila mlango. "Jamani, treni hii inarudi nyuma. Tunarudi Tunduma."

Mama akateremka kitandani. "Na ng'ambo ya lile shimo kuna nini?"

Mhudumu akasema, "Tumesikia kuna treni imeagizwa ije kuchukua walio upande ule. Kama itafika, sijui. Lakini mama, mimi ukishuka hapa siwezi kukungoja."

"Sijakuomba uningoje, baba. Nimekuuliza kuna nini."

Yule mwenzake wa vitenge akamshika mkono. "Shoga, hebu kuwa na akili. Turudi, tupumzike, tujipange upya. Mtoto hatakimbia."

Mama akamwambia, "Mtoto hatakimbia. Mwezi ndio unakimbia." Akajitwika mzigo wake.

Niambieni wenyewe, ninyi mngeshuka? Behewa lina kitanda, lina blanketi, lina watu wa kuongea nao. Nje kuna matope na majani marefu kupita kichwa, na treni isiyojulikana kama ipo. Wengi wetu tungesema, "Mungu ndiye aliyefunga njia," tukajifunika shuka.

Alishuka. Wakashuka na wengine wachache, wakateremka kwenye lile korongo wakishikana mikono, maji yakiwafika magotini. Mama akaanguka, akaumia goti, akainuka, akapanda upande wa pili akitambaa. Wakakaa kando ya reli kutwa nzima bila kivuli. Alasiri ndipo wakasikia honi. Treni ikaja, kuukuu, ya mabehewa machache, nayo ikawachukua.

Huko mbele akateremka, akapanda nyingine ya kwenda kusini mpaka Livingstone. Akavuka daraja la Zambezi kwa miguu, akichechemea, mvuke wa maporomoko ukimlowesha uso. Alipoingia Zimbabwe akapanda treni ya mwisho, akapewa kitanda chenye godoro zuri. Hakulala. Alikaa dirishani akirudia maneno atakayomwambia mtoto. "Mimi ni mama yako mkubwa. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Alifika Bulawayo asubuhi, na mwezi ulikuwa haujaisha.

Kama ni mhubiri mwingine, angemalizia hapa. Angesema, "Mnaona? Vumilieni, mtafika," nasi tungeimba tukaenda nyumbani. Lakini mama alipoingia mlangoni, mtoto alimwona mwanamke asiyemjua, mwenye matope kwenye kanga na bandeji gotini, akiongea lugha asiyoisikia vizuri. Maana mtoto yule alikuwa amekua kwa Kindebele. Kiswahili cha mama yake alikijua kwa maneno ya kubembelezwa tu. Akapiga kelele, akakimbilia chumbani, akaingia uvunguni mwa kitanda, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Mama alipoinama kumshika, mtoto akamng'ata.

Rafiki wa marehemu akaona aibu. Akasema, "Dada, samahani. Tangu mazishi amekuwa hivi. Kila mgeni aliyeingia humu ametoka na kitu cha mama yake. Lakini treni ya kurudi inaondoka leo jioni. Ikikupita, huko mbele hujui utaunganisha lini. Mimi nitashika miguu, wewe shika mabega. Atalia mpaka mpakani, kisha atachoka."

Mama alitazama mkono wake, meno ya mtoto yameacha alama. Akawaza shamba. Akawaza mbegu zikioza ghalani. Nusu ya Afrika ameivuka kwa ajili ya mtoto huyu, na huyu mtoto yuko hapo, hatua tatu tu kutoka alipo, mwepesi, hana uzito wa debe la mahindi. Nguvu za kumbeba alikuwa nazo. Haki ya kumbeba alikuwa nayo pia.

Akasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Sikufuata mzigo. Mzigo ndio unabebwa upende usipende." Kisha akauliza, "Kwa lugha yake, mtu akitaka kusema nipo hapa, anasemaje?"

Rafiki akashangaa. "Si ungeuliza neno la njoo? Njoo ni *woza*."

"Hilo nitalitafuta baadaye. Nifundishe hili kwanza."

"*Ngilapha*," rafiki akamwambia.

Mama akatandika blanketi lake sakafuni, mbali kidogo na kitanda, akakaa. Akasema, "*Ngilapha*." Hakuchungulia uvunguni. Akamenya viazi alivyopewa jikoni, akashona kanga iliyochanika, akasema tena, "*Ngilapha*." Jioni honi ya treni ikasikika kutoka stesheni. Yule mama, ambaye alivuka korongo kwa magoti ili asikose treni, aliisikia ikiondoka na hakuinuka.

Siku zilizofuata ikaondoka na nyingine.

Mtoto alianza kutoka usiku kula, kisha akawa anatoka mchana, akapita ukutani akimzunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Siku moja akasimama mbele yake, akalitazama sana lile goti. Akaligusa kwa kidole. Akasema maneno fulani. Rafiki aliyekuwa mlangoni akatafsiri. "Anauliza, nani alikuumiza."

Mama akajibu, "Mwambie niliangukia njiani, nikija kwake."

Mtoto akasikiliza. Akafikiri, jinsi watoto wanavyofikiri, mdomo wazi. Akauliza tena.

"Anauliza, huko kwenu ni mbali?"

"Mwambie mbali sana. Lakini njia ninaijua."

Mtoto akaenda kuvaa viatu vyake mwenyewe.

Walifika Makambako mvua za kwanza zimekwisha. Viazi vya mama yule vilikuwa vidogo mwaka huo, wala sitawadanganya kwamba Mungu alivifanya vikubwa usiku mmoja.

Sasa sikilizeni, maana hapa ninasema na sisi. Sisi ni watu wa bidii. Tunajua kukimbilia treni. Kuna baba hapa aliyekaa mjini miaka bila salamu, akarudi Ijumaa, na Jumapili analalamika kwamba mkewe hamchangamkii. Baba, umesafiri; nani amekataa? Lakini umefika mlangoni tu. Kuna wazee wa kanisa, na mimi nimo, tuliokwenda kwa ndugu aliyeacha ibada. Tulitembea mlima mzima. Tukafika, tukasema maneno yetu, akatujibu kwa ukali, tukakung'uta viatu tukarudi kabla chai haijachemka. Halafu tukatoa taarifa kwamba tulikwenda. Kweli tulikwenda! Je, tulikaa?

Tunadhani ugumu wote uko barabarani. Tukishafika tunadai mtu afunguke siku hiyo hiyo kwa sababu sisi tumechoka, na asipofunguka tunashika miguu na mabega. Mzazi anamvuta binti yake madhabahuni. Kijana anamlazimisha baba yake akubali msamaha. Tunawabeba watu wakilia, tunaita huo upendo.

Mungu wetu, wapendwa, ana nguvu za kutubeba sote kwa mkono mmoja. Na haki anayo. Mmewahi kujiuliza kwa nini hajafanya hivyo? Ni wangapi humu ndani bado tumeshikilia mguu wa kitanda, tumemng'ata, naye yuko palepale chumbani, hajaondoka, hajanyanyua sauti?

Na kama yeye amekaa kutungoja hivyo, basi nawe unaye mtu wako. Unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Nenda kwake leo. Akikufungia mlango, usirudi kuja kunieleza kwamba ulikwenda. Tafuta pa kukaa.