Mfiwa Mwenye Kipara

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na kamati ya kila kitu isipokuwa haki. Basi Simba mwenyekiti na Fisi katibu, wao wawili tu, wakakutana na kupitisha sheria: nyama italiwa kwa ukubwa wa mdomo. Anaanza Simba, anafuata Fisi, nyinyi wengine mtajua wenyewe!

Sasa muulizeni Bi Sikudhani alivyoipokea. Huyu alikuwa tumbusi, tena mdogo kuliko tumbusi wenzake wote. Manyoya ya kahawia, kichwa kipara, kisogoni manyoya laini mafupi kama ushungi uliorudi nyuma. Mdomo wake mwembamba kama sindano ya kushonea kofia. Kupasua ngozi hauwezi, lakini kudonoa kati ya mbavu? Hapo ndipo penyewe! Siku ya tatu hiyo hajala, na kiotani kinda lake moja lilikuwa limelia mpaka sauti imekauka.

"Ukubwa wa mdomo!" akafoka. "Na ukubwa wa njaa nani kaupima?"

Asubuhi hiyo Pundamilia mzee alikuwa amejifia mbugani. Sikudhani akatua juu ya mgunga, akangoja. Simba akafika na Fisi, na Fisi akampasulia ngozi, chwaraaa! Ndipo Sikudhani akajitupa chini, puu!

"Uuuwi! Baba mdogo! Umeniacha na nani?"

Fisi akaruka nyuma. "Baba mdogo wa nani?"

"Wangu! Huoni nimenyoa?" Akawainamishia kipara.

Kweli, wafiwa hunyoa. Simba akajikuna sharubu. "Lakini binti, marehemu ana mistari. Wewe huna."

"Yake ya nje, yangu ya ndani! Siku ya msiba ndiyo mnanikagua mistari?" Kwa hasira, uso wake ukaiva, mwekundu pyuu.

"Maskini, amelia mpaka uso umeiva," Simba akanong'ona.

"Tena mmeanza kula mfiwa hajaaga mwili! Watu wazima nyie! Hamna haya?"

Simba akaficha makucha. "Pole, mwanangu. Tufanyeje?"

"Utaratibu! Si mnaupenda? Wewe mjomba Simba, toa salamu za rambirambi. Mjomba Fisi, inama, fumba macho, na ole wako ucheke. Mimi namuaga baba mdogo."

Simba, ambaye hakuwahi kuikimbia hotuba, akakohoa. "Awali ya yote..."

Sikudhani akaingiza kichwa kizima tumboni mwa marehemu. Kipara, hakuna unyoya wa kuchafuka! Chop! Ini. Chop! Figo. Akatoka uso umelowa damu.

Fisi akachungulia kwa jicho moja. "Mbona hivyo?"

"Machozi ya damu! Fumba!"

"Marehemu alikuwa mkimbiaji hodari," Simba akaendelea. "Mimi mwenyewe ni shahidi, mara nne alinishinda..."

"Kwi... kwi..." Fisi akajibana mbavu.

Mara Sikudhani anaruka, "Napeleka taarifa kwa ukoo!" Anatua kiotani, anamtapikia kinda minofu laini, anarudi kuaga tena. Kinda likanyamaza. Likacheua, beu!

Jua lilikuwa utosini Simba aliposema, "Kwa hayo machache..." Wakafumbua macho. Mbavu zimekaa wazi kama kitanda kisicho na kamba.

"Marehemu mbona amekonda?" Simba akauliza.

"Kifo, mjomba. Hakina huruma."

"Na wewe," akasema Fisi, "mbona koo limevimba?"

"Nimemeza uchungu."

"Uchungu wote huo?"

"Ah, baba mdogo alikuwa mtu mkubwa!" Akakunjua mbawa, mbrrrr, huyoo, mgungani!

Fisi akaangalia mifupa. Akaangalia mgunga. Kicheko alichokibana tangu asubuhi kikamtoka. "Kwa-kwa-kwa-kwaa! Mwenyekiti, tumeliwa!"

"Hiyo," Simba akanguruma, "usiiandike."

Hadithi yangu imeshiba hapo, kama Bi Sikudhani: anayegawa kwa ukubwa wa mdomo asishangae wadogo wakila kwa wepesi wa ulimi.