Foili ya Rutaihwa

Methali ya mchimba kisima haiwahusu wachimbaji peke yao. Inamhusu kila anayeharibu njia akasahau kwamba naye huipita. Rutaihwa, dereva wa basi dogo la Bukoba na Muleba, aliisoma darasa la sita, akapata alama zote, asijifunze chochote.

Barabara yao ilipowekewa nguzo za majaribio, kila gari la biashara lilifungwa kidude cha kuzungumza nazo kwa mawimbi ya redio. Gari huijulisha nguzo lilipo na mwendo wake. Nguzo nayo huwaonya wanaokuja kwamba mbele kuna gari limesimama. Rutaihwa, mpenda mbio, alikiita kidude hicho mmbeya. Siku ya pili tu alikivika foili ya kufungia chipsi, kikawa bubu. Kisha, akijiona mjanja kama sungura, akawafundisha wenzake stendi ya Bukoba.

"Kifunge vizuri, Byabato," alimwambia dereva wa lori la ndizi. "Nguzo isiyokusikia haitakushtaki."

Juma moja baadaye alikuwa akimrudisha Muleba mama yake, Bi Kokwijuka, aliyetoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho la pili lilikwisha kufa zamani; tumaini lote lilikuwa hilo moja. Kwa ajili yake Rutaihwa alikivua kidude foili. Aibu iliyoje! Mama za watu hakuwahi kuwavulia.

Kabla ya kufika Kemondo ukungu uliwafunika.

"Polepole, mwanangu. Mimi nina bandeji jichoni, wewe je?"

"Usihofu, mama. Kungekuwa na gari mbele, nguzo ingeniambia."

Nguzo haikusema neno. Kwenye kona, lori lilikuwa limesimama katikati ya njia, tairi limepasuka. Rutaihwa alikanyaga breki, lakini maji yalikwisha kumwagika. Basi liligonga. Abiria walitoka na michubuko. Bandeji ya Bi Kokwijuka ililowa damu.

Byabato alikuja mbio. Rutaihwa akamkwida shati. "Kidude chako kiko wapi? Mbona nguzo haikunionya?"

Byabato alifungua mlango wa lori. Kidude kiling'aa ndani ya foili.

"Nimekifunga vizuri, waitu, ndugu yangu, kama ulivyonifundisha."

Rutaihwa alilia mbele ya watu. Jicho lile halikuona tena, na hadi leo yeye ndiye anayemshika mama mkono kwenda kanisani. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe, na pengine haingii peke yake.