Mkono wa Adelia

Hapo zamani, kabla garimoshi halijafika Bonde la Chumvi kule magharibi ya Amerika, Wamormoni walihamia huko kwa miguu. Walikokota mikokoteni mbugani, waume kwa wake, wakiimba nyimbo za Mungu mpaka sauti zikawakauka. Nanyi mmekaa kitako, hamna lengelenge hata moja mguuni, basi tegeni masikio. Mwisho nitawauliza, na sitaki kumwona mtu akikuna kichwa.

Miongoni mwao alikuwamo Lovina, mke wa seremala Hosea. Lovina hakujaliwa mtoto. Siku zile Mmormoni aliweza kuoa zaidi ya mke mmoja, na Hosea alikuwa ameoa wa pili, Dorkasi, msichana mcheshi. Dorkasi alijifungulia njiani. Kitoto kikafa kwa baridi, wakakizika njiani, kisha mikokoteni yote ikapitishwa juu ya kaburi ili mbwamwitu wasilinuse. Ndivyo walivyozika watu wale. Tangu hapo Dorkasi alitembea kama mtu aliye usingizini, maziwa yakimlowesha kifuani.

Katika msafara huohuo mjane mmoja, Ketura, alizaa binti, na homa ikamlaza. Maziwa yakakata. Theluji ilishaanza kudondoka, na wagonjwa wakaachwa kwenye boma la wauza ngozi. Ketura akamwita Lovina.

"Dada Lovina, mchukue. Akibaki nami atakufa."

"Nitakurudishia ukipona."

"Wewe mchukue tu. Na usinitazame nikilia, utaghairi."

Mkokoteni ulikuwa umejaa pomoni. Juu kabisa ilikaa saa ya ukutani ya marehemu mama yake Lovina, kitu pekee alichotoka nacho kwao. Akaishusha, akailaza nyasini, akamweka mtoto mahali pake. Walipoondoka saa ilikuwa bado inagonga, tik, tik, nyuma yao, na Lovina aliendelea kuisikia hata baada ya vilima kuificha.

Wakafika mto wenye barafu. Lovina akapiga moyo konde, akaingia, mtoto juu ya kichwa, maji kifuani. Vidole vya miguu vilikufa ganzi na havikupona tena maisha yake yote. Ng'ambo, mtoto akalia njaa. Akampelekea Dorkasi.

"Simtaki," alisema Dorkasi. "Wangu yuko chini ya magurudumu."

Lovina hakumlazimisha. Alikaa kando yake, mtoto akilia, theluji ikidondoka taratibu juu yao wote. Mwishowe Dorkasi akafungua vifungo mwenyewe. Mtoto aliponyonya, Dorkasi akamwita Adelia, jina la yule aliyezikwa.

Wakafika bondeni. Wakachimba mifereji, wakapanda mifyulisi, ile miti ya matunda matamu, na maua yake ya rangi ya waridi yalipopukutika ua mzima ulionekana kama ndoto. Adelia alijifunza kutembea akishika sketi ya Lovina. Siku moja mwanamke aliyekonda akasimama langoni.

"Mama, huyu nani?" mtoto akauliza.

Lovina akafungua lango. Ketura akajibu mwenyewe: "Mpita njia, mwanangu. Naomba maji."

Lovina alimpa maji. Kisha akamwendea Hosea na kumwambia amwoe Ketura, ili aishi karibu na damu yake. Wakawa wake wenza watatu, jiko moja, na Adelia alipopata akili akaambiwa yote.

Adelia alipokuwa mwari, hekalu walilokuwa wakilijenga likamalizika. Watu wale waliamini kwamba humo mtoto aliyelelewa hufungwa kwa baba na mama, fundo lisilofunguka hata mbinguni. Hupiga magoti madhabahuni, akaweka mkono wake katika mkono wa mama yake. Na mama ni mmoja tu.

Wake zake wakamwuliza Hosea awe yupi kati yao. "Mimi nimeichonga tu hiyo madhabahu," alisema, akatoka kwenda kunoa patasi. Wanaume bwana!

Ketura akasema, "Nilimzaa, nikamtoa ili aishi. Nimemwita mwanangu mara moja tu, pale langoni, na wala hakujua."

"Dada Dorkasi, wewe una wana wengine," alisema Lovina.

"Wale niliwazaa, Bi Mkubwa. Huyu ndiye aliyenizaa mimi. Ningebaki kulekule njiani. Na jina alilonalo ni la mwanangu."

Lovina alitaka kutaja mto, na vidole vyake. Badala yake akaisikia ile saa nyasini, tik, tik.

"Niliahidi kumrudisha," alisema, "na sikumrudisha. Nikimrudisha leo, nitakwenda mbinguni mikono mitupu, jamani. Sina mwingine." Akalia, na wenzake wakalia naye.

"Mama zangu," alisema Adelia, "mbona mnanipa mzigo huu?"

Siku ikafika. Nguo nyeupe, madirisha marefu, mwanga ukielea chumbani kama maziwa. Hosea alikuwa ameshapiga magoti. Upande wa pili wakapiga magoti wanawake watatu, mikono wazi juu ya madhabahu. Adelia akainua mkono wake. Lovina akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu mbugani, saa ile ikanyamaza.

Mkono uko hewani bado, jamaa zangu, na mimi sitaushusha. Semeni nyinyi: kati ya aliyemtoa, aliyemnyonyesha na aliyeahidi kumrudisha, nani alistahili kuushika?