Ubini wa Nusura

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, bali zamani hii ya juzijuzi ambayo vioo vya simu vilikuwa vimeshaanza kupasuka, alikuwepo msusi mmoja mjini Handeni, jina lake Mwanaidi. Mikono yake ilikuwa myepesi. Ukikaa kwenye kigoda chake una kichaka kichwani, unainuka bibi harusi. Wateja walimpenda, wakawa wanamwita tangu barabarani: "Mwanaidi! Mwanaidi wee, una nafasi?"

Sasa tegeni masikio, maana shida yenyewe iko hapo hapo kwenye kuitwa. Rafiki zake Mwanaidi, aliocheza nao rede utotoni, waliitwa Mama Zuhura, Mama Hassani, Mama Pacha. Yeye aliitwa Mwanaidi. Mungu hakumjalia mtoto, mume akafunga virago, na jina likabaki lile lile alilotoka nalo shule. Hakuwahi kulia mbele za watu. Alisuka watoto wa wenzake, akawashika videvu na kuwaambia watulie, kisha jioni akafagia nywele zao na kufunga mlango. Lakini mgeni akimwambia, "Samahani, wewe ni Mama nani vile?" basi siku hiyo chakula hakimshuki.

Saluni yake ilikuwa katikati ya majirani wawili. Kushoto kulikuwa na Mhando, fundi simu, baba wa watoto sita, mtu wa maneno mengi na vidole vilivyoungua kwa kuchomea waya. Kulia kulikuwa na Bi Chausiku, mpika vitumbua, mama mtu mzima ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameshaaga. Asubuhi watatu hao walikunywa chai pamoja, na hawakuwa wamegombana hata mara moja.

Mwanaidi alikuwa na kompyuta kuukuu ya kupigia taarabu na kuonyeshea wateja mitindo. Betri yake ilikufa siku nyingi, ikawa inaishi kwa waya wa ukutani tu. Siku moja ikagoma. Mhando akaja, akaifungua, akaipuliza vumbi, ikaamka.

"Na kitu nimekuwekea humo, dada," alisema. "Programu ya kutengenezea katuni. Si zile bapa za kuchora kwenye karatasi. Hizi unamzungusha mtu mpaka unamwona kisogo."

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure ya leo, halafu kesho nidaiwe?"

"Bure bure, dada yangu! Walioitengeneza wameiachia watu, tena wamewafikiria wanaoanza, sisi tusiojua. Mimi na ubutu wangu huu nimeshatengeneza kikombe. Tazama."

Kikombe kilikuwa kimepinda upande, lakini kilikuwa kikombe kweli, na ukikizungusha unaona mpaka kitako chake. Mwanaidi akacheka. Mhando alipoondoka, akavuta kigoda.

Programu ile humpa anayeanza mpira mmoja, kisha humwambia: vuta hapa, bonyeza pale, zungusha uone. Basi wateja wakikosekana, Mwanaidi akavuta, akabonyeza, akazungusha. Mpira ukatoa shingo. Akavuta, akabonyeza, akazungusha, ukatoa mikono. Akavuta, akabonyeza, akazungusha. Yakatoka mashavu, yakatoka magoti, kikatoka kidevu, kile kidevu cha kushikwa na kuambiwa "tulia". Alikuwa msichana mdogo, wa umri wa kung'oka jino la kwanza. Mwanaidi akamfunga kitambaa cha saluni shingoni, kwa mazoea tu, kisha akaanza kumsuka. Msuko mmoja, msuko mmoja. Alimaliza upande wa kushoto, akafurahi mpaka akaita majirani waje kuona.

Mhando alikuja na flashi yake. "Nipe nikajaribu kumtia mifupa aweze kutembea," alisema. "Programu hii ina mifupa pia. Bila mifupa huyu ni furushi la nguo." Akambeba kwenye flashi, akaenda naye dukani. Mlangoni akageuka: "Dada, na wewe usisahau kusevu."

"Ndiyo, ndiyo," Mwanaidi alijibu, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Hakusevu. Msusi gani anasevu? Kichwa kikishasukwa kimesukwa. Mtu analala nacho, anaamka nacho, umeme uwepo usiwepo. Mwanaidi alimaliza na upande wa kulia, akarudi nyuma hatua, akamtazama mtoto wake kamili, na moyo ukamjaa. Hapo hapo umeme ukakatika.

Uliporudi, mtoto hakuwepo. Akatafuta huku, akatafuta kule. Hakuna. Kwa mara ya kwanza Mwanaidi alilia mbele za watu, mteja akiwa na kichana kichwani hajui afanye nini.

Mhando alisikia kilio akaja mbio. "Dada! Dada, nyamaza. Ninaye." Akachomeka flashi. Mtoto akatokea kwenye kioo, mzima, ila upande wa kushoto misuko imelala safi, na upande wa kulia nywele zimetimka.

"Afadhali," Mwanaidi alisema akijifuta machozi. "Nitamsuka tena huo upande."

"Usimguse!" ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Bi Chausiku na sahani yake ya vitumbua. Alicheka mpaka sahani ikatikisika. "Mwacheni hivyo hivyo! Hamwoni? Huyu katoroka saluni!"

Wakamtazama tena. Kweli bwana. Kitambaa bado kiko shingoni, upande umesukwa, upande haujasukwa. Nani asiyemjua mtoto huyo? Kila mtaa unaye. Anavutwa nywele, anaumia, anasingizia haja ndogo, na ukija kushtuka ameshavuka barabara. Hadithi ikapatikana hapo hapo, juu ya vitumbua.

Mhando akamtia mifupa. Mara ya kwanza magoti yalikunjika kinyumenyume, mtoto akatembea kama kuku. Akayang'oa, akayatia upya. Mara hii mtoto alikimbia, na kitambaa cha saluni kikapepea nyuma yake. Wakashangilia kama timu imefunga bao.

Lakini alikuwa bubu. Anakimbia, mdomo unafunguka, hakuna kitu. Ndipo Bi Chausiku akachukua simu, akaenda kwake akaingia ndani ya kabati la nguo ili kelele za barabarani zisimfuate, akajifunika khanga, akalia kilio cha mtoto anayevutwa nywele. Kisha akapiga kelele kwa ule upenyo wa meno: "Huo upande mwingine nitarudi kesho, Mungu akipenda!" Walipoiunga sauti ile na picha, mteja aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele aligeuka akauliza, "Mtoto wa nani tena huyo analia?"

Filamu ilikuwa fupi, inaisha chai haijapoa, lakini ilikuwa filamu. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Watoto waliokuwa wanaogopa saluni wakawa wanajileta wenyewe, na kila aliyeumia alipiga kelele, "Nitarudi kesho, Mungu akipenda!" na Mwanaidi akacheka naye. Zilikuwa siku nzuri.

Sasa akaja Mwalimu Semboja wa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Alitaka kuionyesha filamu Siku ya Mtoto.

"Ila mtoto hana jina," alisema. "Na mimi kwangu siandikishi mtoto bila jina na ubini. Mwishoni pale, chini ya miguu yake, tuandike: fulani binti fulani."

Jina halikuwashinda. Walikubaliana aitwe Nusura, kwa kuwa alinusurika siku ya umeme. Mwalimu akaandika: Nusura binti. Kisha akauliza, "Binti nani?"

Wakajibu wote kwa pamoja, na kila mmoja alitaja jina lake. Kisha wakatazamana. Ndiyo mara yao ya kwanza kugombana.

Mhando alitangulia. "Nusura ni wangu. Nani alimleta humu kompyutani? Mimi niliyeiweka programu. Nani alimtoa kaburini? Mimi na flashi yangu. Nani alimtia magoti? Mimi, mara mbili! Wanangu wameiambia shule nzima kuwa Nusura ni dada yao. Siku zote baba yao ni yule wa kuchomea waya, leo wanatembea wamenyoosha vifua. Nirudi nyumbani niwaambie si dada yao?"

"Nusura ni wangu," alisema Bi Chausiku. "Nimezaa wanne mimi, na hakuna mkunga aliyenipa hongera kabla mtoto hajalia. Mlikuwa na sanamu inakimbia. Alipolia ndipo akazaliwa, na kilio ni changu. Halafu nani alisema asiguswe? Mngemmaliza kumsuka, mngepata kichwa kizuri na hadithi hakuna. Nina wajukuu Mwanza ambao hawajawahi kusikia sauti ya bibi yao. Wakiisikia humo, nataka waambiwe huyu ni nani."

Mwanaidi alishika kichana, akakizungusha vidoleni. Wakadhani amekubali kushindwa.

"Nusura ni wangu," alisema mwishowe. "Nilipewa mpira nikamvuta humo kidole kwa kidole. Kidevu hicho nimekifinyanga mimi, misuko hiyo ni ya mkono wangu, na kitambaa hicho nimemfunga mimi. Fundi alitia mifupa ndani ya nani? Bi Chausiku alilia kwa mdomo wa nani? Nilimpoteza, sawa, kosa ni langu, lakini nani alimlilia? Kaka Mhando, wewe unao sita. Bi Chausiku, unao wanne na wajukuu. Mimi tangu nizaliwe sijaitwa mama wa mtu. Mtoto huyu akiandikwa wangu, kesho asubuhi mtaa huu wote utaniita Mama Nusura. Nalitaka jina hilo. Sioni haya kusema. Nalitaka."

Mhando akatazama vidole vyake. Bi Chausiku akamshika Mwanaidi mkono.

"Mwanangu, roho inaniuma kwa ajili yako," alisema. "Lakini hapa hatugawi huruma. Tungegawa huruma, mimi mwenyewe ningekupa bila kuulizwa. Mwalimu anauliza mtoto ni wa nani."

"Basi niandike watatu," Mwalimu alijaribu.

"Hapana," walisema wote watatu. Angalau kwa hilo walikubaliana.

Siku ya Mtoto ikafika na nafasi ile bado iko wazi. Darasa likajaa, wengine wakakaa madirishani. Mwanaidi, Mhando na Bi Chausiku walisimama nyuma kabisa, bega kwa bega, maana ugomvi haukuwazuia kuja pamoja. Filamu ikaanza. Nusura akavutwa nywele, Nusura akalia, Nusura akakurupuka na kitambaa chake, na darasa zima likapiga kelele naye, "Nitarudi kesho, Mungu akipenda!" Wale watatu nyuma walifurahi mpaka wakasahau kununa. Mhando alikuwa anahesabu jinsi magoti yanavyokunjika, Bi Chausiku alikuwa anachezesha midomo, na Mwanaidi, bila kujijua, alikuwa amenyoosha mkono mbele kama anayetaka kushika kidevu.

Mwishoni Nusura alisimama katikati ya picha, anahema, nusu kichwa kimetimka. Chini ya miguu yake yakatokea maandishi: Nusura binti. Mbele yake palikuwa peupe.

Kitoto kimoja cha darasa la kwanza, chenyewe kimesukwa vizuri pande zote, kikasimama juu ya dawati.

"Mwalimu," kikasema, "mama yake yuko wapi? Aje amchukue akamalizwe kusukwa."

Na kule nyuma watu watatu wakaitika kwa pamoja, "Niko hapa!"

Darasa likageuka. Mwalimu Semboja naye akageuka, kidole kiko juu ya kibodi, akawatazama mmoja mmoja: aliyemfinyanga, aliyemwokoa akamsimamisha, na aliyemliza akazaliwa. Kidole hakijashuka mpaka hivi ninavyowasimulia. Kinawasubiri nyinyi. Haya, jamani, semeni, na mkishamtaja mmoja, mje muwaeleze wale wawili waliobaki: Nusura ni binti nani? Je, nani alistahili?